Msumari Mmoja, Msalaba na Baragumu

Fumbeni macho kidogo, wanangu, kama nilivyokuwa nikiwaambia watoto wa mwaka wa kwanza kabla ya kuwaandikia neno jipya ubaoni, na muuone ukuta huu ulivyokuwa asubuhi ile baada ya mto Mulongwe kutuingilia nyumbani. Tope limepanda hadi juu ya meza na kuacha mstari wa kahawia ukutani. Magodoro yamekwenda ziwani, viti vimekwenda, sufuria za Ernestine zimekwenda zikigongana njiani kama zinagombana. Juu ya mstari ule umebaki msumari mmoja wenye kutu, ule alioupigilia baba yangu, na kwenye msumari huo vinaning'inia vitu viwili, msalaba wa mbao na baragumu la pembe ya tandala, kamba ya kimoja imejisokota kwenye kamba ya kingine hata huwezi kuchukua hiki bila kukishika kile. Majirani wakaingia na makoleo. Mmoja akasema, "Mama Bona, Mungu amelinda musalaba yake." Mwenzake akamjibu, "Na ile pembe, ni nani ameilinda?" Wakacheka, miguu yao ndani ya tope, nami nikacheka pamoja nao, lakini swali lile halijanitoka kichwani tangu siku hiyo.

Sasa fumbueni macho. Msalaba upo ukutani. Baragumu liko hapa kitandani, chini ya shuka, kwenye mbavu zangu, kwa sababu nilimsikia mmoja wenu akisema atalitupa ziwani kabla sijazikwa, na mwingine akisema atakayeligusa atamvunja mkono.

Bonaventure, mzaliwa wangu wa kwanza, keti hapa kwenye ukingo wa kitanda. Emery, kitindamimba wangu, ondoka mlangoni, hakuna taksi inayokungoja. Ernestine, punguza makaa uje, maharage yatajipika. Na wewe Noella, usikae barazani kama mgeni, maana ni wewe unayetaka kuolewa na Emery, na jambo hili ni lako kuliko la mtu mwingine yeyote. Tangu tuliporudi kutoka kwenu Bwegera ndugu hawa wawili hawasalimiani. Wanaishi ndani ya uzio mmoja na wanatumiana maneno kupitia kwa dada yao, mwambie yule ahamishe pikipiki yake, mjibu yule kwamba pikipiki haijamzuia kusali. Nimewasikia nikiwa nimefumba macho, mkadhani nimelala. Pumzi yangu haitoshi tena kumweleza kila mmoja peke yake, kwa hiyo nitasema mara moja, na mtakaa karibu mpaka nimalize.

Nianze na yaliyo mepesi. Nyumba hii ni ya Ernestine, aliyeisimamisha tena kwa ndagala, dagaa za ziwani, alizoanika na kuuza, na asitokee mtu wa ukoo kumwambia kwamba binti hapewi nyumba. Shamba la Katogota mgawane ninyi wanaume, Bonaventure juu penye mihogo, Emery chini penye maji. Cherehani iende kwa akina mama wa parokia wanaoshonea watoto nguo za komunyo, na mwatahadharishe kwamba inapenda kukata uzi. Hayo mlikwisha kuyajua na hayana ugomvi. Gumu ni hili lililo ubavuni mwangu.

Mwenye baragumu hili wa kwanza alikuwa Feruzi, babu wa baba yangu. Alikamatwa akiwa mtoto, mbali sana upande wa magharibi, hata jina la kijiji chake likampotea, akakulia ndani ya misafara, na alipokuwa mtu mzima wakamfanya kirongozi, yaani yule anayetembea mbele ya wote. Walivuka ziwa kwa mitumbwi kutoka Ujiji, wakashuka hapa Uvira, wakapanda tambarare ya Ruzizi kutafuta pembe za ndovu na watu. Nasema watu, wanangu. Katika nyumba hii tumezoea kusema pembe na kunyamaza hapo. Baragumu lilisikika kwanza, kisha bendera ikaonekana, kisha bunduki, na msafara uliporudi, nyuma ya Feruzi walitembea wanaume, wanawake na watoto, shingo zao ndani ya makongwa ya miti. Yeye mwenyewe alitembea ndani ya kongwa kabla ya kutembea mbele yake. Msilitumie hilo kama mwavuli, nimelijaribu, linavuja. Aliyejua uzito wa mti ule shingoni ndiye aliyekuwa akipuliza.

Ni huyo huyo aliyetuachia wimbo tunaouita Njia, wenye vituo vyote kuanzia ziwani hadi milimani, wimbo ambao kila ndoa ya ukoo wetu imeimbwa nao. Ni yeye aliyejua maji yalipo wakati wa kiangazi na kusema na kila mwenye kilima kwa lugha yake, na uzeeni akaotesha michikichi ambayo mpaka leo watu wa pwani hii wanakamua mafuta yake bila kujua ni mkono wa nani. Na ni yeye aliyempeleka mwanawe misheni, akabatizwa Hyacinthe. Sisi ni Wakatoliki kwa sababu ya mtu yule. Mkitaka kujua kwa nini imani yetu na aibu yetu zimening'inia mahali pamoja, anzeni hapo.

Misheni ile ilikuwa imejaa watoto waliokombolewa kutoka kwenye misafara, kwa hiyo mtoto wa kirongozi alikaa kwenye benchi moja na watoto wenye alama za kamba shingoni. Kengele haikuwa imefika bado. Padri, mgeni asiyejua lolote, alipoona kijana ana pembe ya baba yake akafurahi sana, akamwambia Jumapili aipulize ili waumini waje Misani. Hyacinthe akapuliza kwa nguvu zake zote. Watoto wote wa misheni, wavulana kwa wasichana, wakatoka mbio, wakaingia kwenye matete ya ziwani mpaka maji yakawafika shingoni, na padri akabaki altareni na mavazi yake, akiwasomea bata Misa.

Ndiyo, Ernestine, cheka tu, nimekuona. Misa ya bata. Tumeicheka kila Noeli katika nyumba hii. Baba yangu alikuwa akiigiza padri, na Emery ulipokuwa mdogo ulikuwa ukidai bata naye apewe maneno. Tulicheka kwa moyo mweupe, kwa sababu tuliisimulia tukiwa tumesimama ufukweni pamoja na mwenye baragumu. Hakuna aliyewahi kutusimulia akiwa ndani ya matete.

Basi ikafika siku ya kupeleka mahari. Barabara ya tambarare ilikuwa imefunguka tena baada ya risasi kunyamaza, na sote tulikuwa na kiu ya siku njema. Mzee Ndikumana, baba yake Noella, alikuwa ametandika mikeka uani. Chungu cha pombe ya ndizi kilikaa katikati, na mirija imesimama ndani yake, ya wenyeji na ya wageni, tayari wazee wainamie pamoja. Emery alitaka kutuingiza kwa heshima. Akasimama langoni akapuliza, akaanza kuimba Njia kituo baada ya kituo, nasi tukaitikia. Bonaventure, usitazame pembeni. Wewe pia uliitikia, na kwa sauti kubwa kuliko yangu. Tukafika Kashekezi, kile kilima kinachotazama mashamba ya mpunga, ambapo wimbo unasema tuliingia kabla ya jogoo. Nimeimba maneno hayo tangu utoto wangu. Maisha yangu yote nimefundisha watoto kuuliza maswali, na sikuwahi kujiuliza ni mgeni gani mwema anayeingia kwenye kijiji cha watu kabla ya jogoo.

Bibi yake Noella, Mama Generose, akainuka. Hakupiga kelele. Alikwenda kwenye chungu, akachomoa mirija yote, yao na yetu, akailaza chini kwenye vumbi. Ndikumana akamwambia, "Mama, hawa ni bageni." Akamjibu, "Hapana bageni. Hawa tunawajua. Ile sauti miye naijua tangu niko mugongoni ya mama. Mutoto akilia, walimwambia nyamaza, baragumu inakuja. Leo imekuja kweli, na imejiletea ng'ombe." Kisha akaingia ndani na kufunga mlango, na hakuna mzee wa Bwegera aliyethubutu kurudisha mrija hata mmoja. Watu wale wametoka Kashekezi, wanangu. Tuliwaimbia jina la kilima chao, uani mwao, tukiwa tumevaa nguo za sikukuu, tukidhani tunawaheshimu.

Tukarudi juu ya lori, na hakuna aibu kama kutazamwa njia nzima na ng'ombe uliokwenda kuwatoa wakakataliwa. Hapo ndipo mlipoanza.

"Iko kitu ya dhambi hii," Bonaventure ulisema. "Tuliitundika pamoja na musalaba, sasa Mungu ametuonyesha. Kesho naitupa mu ziwa."

"Tupa na Kiswahili basi, yaya! Tupa na jina ya koko, babu Feruzi!" Emery ukamjibu kaka yako. "Hapa kila muntu iko na mulima yake. Sisi wakituuliza mulitoka wapi, tutasema nini? Iko njia tu."

"Afazali kukosa jina kuliko jina ya mwizi ya bantu."

"Na weye uliitikia!"

"Nyamazeni," Ernestine akawaambia, "munatisha ng'ombe."

Niliwasikiliza kama nilivyowasikiliza watoto wawili waliong'ang'ania kalamu moja, na kwa kawaida watoto wa namna hiyo wote wawili wana haki na wote wawili wanaivunja kalamu. Emery, una haki kwamba mtu hawezi kuzaliwa bila ukoo. Siku hizi mjini wanaulizana nani wa hapa na nani wa kuja, na mtoto wa watu wa msafara akikaa kimya, wengine watamjazia jibu. Lakini ulitaka jina lenye utukufu bila wale waliolilipia. Bonaventure, una haki kwamba huwezi kusimama mbele ya Sakramenti na moyo unaojivunia makongwa. Lakini Kiswahili hiki unachofundishia katekisimu, unachosalia Salamu Maria, kilipanda mitumbwi ile ile, kikashuka ufukwe ule ule, kikapita njia ile ile nyuma ya baragumu hili. Ukitupa pembe ziwani utarudi nyumbani mikono mitupu na mdomo umejaa maneno ya Feruzi. Utayatupa wapi hayo?

Nipeni maji kidogo. Kidogo tu. Asante.

Kabla miguu haijanikatalia kabisa, nilimwomba dereva wa lori la mchele anikalishe mbele, nikarudi Bwegera. Niliwaambia ninakwenda kumwona mwanafunzi wangu wa zamani, na dereva yule kweli nilimfundisha kusoma, kwa hiyo sikudanganya sana. Nilikuwa nimelifunga baragumu ndani ya kitenge. Nilimkuta Mama Generose ameketi uani, ungo mapajani, anachambua mawe kwenye mchele. Hakuinua kichwa.

"Mwalimu. Umeleta tena ng'ombe?"

"Nimeleta pembe tu."

"Ng'ombe ilikuwa nzuri kuliko pembe." Akanisogezea kigoda kwa mguu, akanimiminia nusu ya mchele kwenye ungo mwingine. "Chambua. Muntu hawezi kukaa bure."

Tukachambua. Nilimweleza kwamba mwanangu mmoja anataka litupwe ziwani, na kwamba nimekuja kumwuliza yeye kwa sababu nimeona si letu kuamua peke yetu. Mikono yake ikasimama.

"Mulitupe?" akasema. "Mukilitupa, ni nani atajua kama tulichukuliwa? Bantu bataona ziwa tu. Watasema, angalia vile maji iko muzuri."

Ndipo akanisimulia. Bibi yake alikuwa mmoja wa watoto wa misheni. Jumapili ile alisikia baragumu, akamshika mdogo wake, wakaingia kwenye matete. Alisimama ndani ya maji, mkono wake juu ya mdomo wa mtoto ili asikohoe, akingoja bunduki. Hakuna aliyekumbuka bata. Jua likapanda, mtoto akaanza kutetemeka, na bunduki hazikulia. Kisha matete yakafunuka na kijana akaingia, mikono yake wazi, kiazi kitamu mkononi. Akaketi ndani ya maji na nguo zake, karibu nao lakini si karibu sana, akakaa kimya muda mrefu, mpaka watoto wakaanza kutoka mmoja mmoja.

"Alikuwa mutoto ya nani?" nikamwuliza.

"Koko, ule bibi yangu, hakumwuliza jina. Alisema tu, kijana moja alikaa nasi mu maji."

Nilitamani sana kusema alikuwa Hyacinthe. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini mwalimu asiyejua husema sijui, nikalimeza, na ninyi msije mkaenda mitaani kusema mnajua. Tunalolijua ni kwamba baada ya Jumapili ile Hyacinthe hakuipulizia misheni tena, na kwamba hakulichoma baragumu wala kulificha. Alilitundika chini ya msalaba, kwenye msumari ule ule, mwanawe, yaani baba yangu, akafanya vivyo hivyo alipojenga hapa, na hakuna hata mmoja wao aliyetuambia ni kwa nini. Walituachia kicheko tu. Nadhani kicheko ndicho walichoweza kukibeba.

Halafu Mama Generose akasema, "Lete nilione." Nikalifungua. Akaligeuza, akalinusa. "Inanuka mate ya babu zenu." Akaliweka mdomoni akapuliza, ikatoka hewa tupu kama chafya ya mbuzi. Akapuliza tena. Nikamwambia, "Bana midomo, mama." Akaniambia, "Niibane na meno gani?" Tukacheka, vikongwe wawili, mpaka ungo ukapinduka na mchele wote ukamwagika uani, na katikati ya kucheka nikaona kwamba analia, na mimi pia, na hatukuulizana. Tulipomaliza, tukapiga magoti, tukaokota mchele pamoja.

Hapo ndipo tulipopatana, yeye na mimi, na hilo ndilo nililowaitia.

Njia itaimbwa. Itaimbwa yote kama ilivyo, pamoja na yale maneno ya kabla ya jogoo, msiyaondoe, ili mtoto atakayeyasikia aulize kwa nini na mtu mzima alazimike kumjibu. Lakini ikifika Kashekezi, itasimama. Baragumu litawekwa chini mkekani. Wenyeji watataja majina ya watu wao waliochukuliwa, wale wanaowakumbuka, na kama hawamkumbuki yeyote watasema tu, watu wetu. Hamtaharakisha. Bonaventure, wewe utaongoza sala, ile tunayowasalia marehemu wetu, uwape raha ya milele ee Bwana, na ninyi nyote mtaitikia kwa sauti ile ile mliyoitikia wimbo. Kisha mtangoja. Mwenyeji akisema endeleeni, mtaendelea. Asiposema, Njia imeishia hapo siku hiyo, mtakaa na kula alichowapa, na hamtanung'unika. Na mfanye hivyo kwenye kila kilima ambacho wimbo unakitaja na ninyi mkaenda kuoa au kuolewa huko, mpaka wajukuu wa wajukuu.

Bonaventure, najua unachokiwaza, kwamba tunachanganya maji matakatifu na maji ya mtaro. Nikuulize, mwanangu, kama katekista. Kila mwaka kabla ya Noeli unasoma kanisani ukoo wa Bwana Yesu, na unausoma mbio kwa sababu majina ni magumu na watu wanapiga miayo. Mwaka huu usome polepole. Humo yumo mfalme aliyemchukua mke wa askari wake na kumpeleka yule askari akafe. Waliouandika ukoo ule wangeweza kumwondoa mfalme wakabaki na watakatifu. Wangeweza kumwacha mfalme na kumfuta askari. Hawakufanya hivyo. Walimwacha mfalme mahali pake, na pembeni yake wakamtaja aliyeuawa kwa jina lake, ndani ya ukoo wa Mwokozi, na unasomwa altareni mbele ya mishumaa. Mungu hakuona haya kuzaliwa huko. Wewe unaona haya kwa niaba ya nani?

Emery, usitabasamu, zamu yako hii. Wanafunzi wangu wote wanajua kwamba katika darasa langu hapakuwa na kifutio. Mtoto akikosea, anapiga mstari mmoja mwembamba juu ya kosa na kuandika lililo sawa pembeni, ili kesho akifungua daftari aone yote mawili. Wazazi walilalamika kwamba madaftari ni machafu. Lakini watoto wale walijua walikopita. Jivunie Feruzi kwa miguu yake, kwa lugha zake, kwa michikichi yake, na pembeni ya hayo uandike kila mara alichokifanya. Ukishindwa kuyasema yote mawili, usiseme hata moja.

Na sasa, baragumu. Si la Bonaventure, maana atalizamisha. Si la Emery, maana atalipulizia hata mechi ya mpira. Noella, sogea. Lete mikono yako. Nakupa wewe, binti wa Kashekezi. Litakaa nyumbani kwako, na mume wako huyu akitaka kulipuliza atakuomba, na wewe utalitoa ukutani kwa mkono wako au utakataa. Usilie, mama, lishike vizuri, ni zito upande wa chini. Emery, usikunje uso. Unaona vile linavyokaa kwake?

Mnataka kuniambia kwamba hakuna ndoa, kwamba Bwegera walikwisha kukataa. Asubuhi hii Noella aliniletea kifurushi cha jani la mgomba, mkaniuliza kuna nini ndani nikasema dawa. Ernestine, kiko chini ya mto wangu. Kifungue waone. Ni mrija. Mmoja tu, umekatwa juzi, bado ni kijani. Mama Generose hakutuma salamu wala hakutuma maneno. Ametuma huo. Maana yake chungu kipo, na nafasi ya kuinama ipo. Mimi sitafika kuinama. Mtauweka ndani ya chungu, ubaki umesimama, na mtu asiuguse.

Nimechoka sasa. Nisogezeni kidogo. Hivyo.

Siku ya kunizika, msipulize. Salini tu, na kwaya isivute sana wimbo, jua ni kali. Matanga yakiisha, msingoje mwaka. Rudini Bwegera na wale ng'ombe, wamenenepa.

Mkimjengea Noella, pigilieni msumari mmoja. Msalaba na baragumu, kama hapa. Emery atashika msumari... Bonaventure atapiga nyundo. Ndiyo, wewe upige, naye ashike. Na usimpige kidole. Mtaongea tu, hamna namna, msumari haupigiliwi na watu wasiosemeshana.

Leteni vipaji vya nyuso. Wewe, Bona. Wewe, Ernestine, uliyenifulia. Emery. Na wewe, mtoto wa watu, mtoto wangu. Kwa jina la Baba... mkono wangu umeishiwa, malizeni wenyewe ishara. Mungu awape nyumba zenye watoto wanaouliza. Awape majirani wa kila kilima. Bikira Maria awatangulie njiani, mbele ya baragumu lolote.

Sogeeni, sauti imekuwa ndogo.

Yote haya mkiyasahau, si neno, nilifundisha mengi na mengi yalisahauliwa. Nawaomba jambo moja tu. Kabla ya kupuliza, nyamazeni kidogo, mtazame kwenye matete. Mkumbuke kwamba kuna mtoto ndani yake.